Instrakta msaidizi wa skuba: mwongozo kamili kuanzia daivu masta mpaka siku unasimama mbele ya wanafunzi

Mtu akishapata daivu masta wake (ngazi ya kuongoza wazamiaji wa skuba, yaani wanaozamia na mtungi wa hewa) swali linalofuata karibu kila mara ni "instrakta lini?", na wengi wanaruka moja kwa moja kwenye kozi kubwa ya instrakta, yaani mwalimu kamili, bila hata kukaa siku moja kama instrakta msaidizi, mimi naona hapo wanajinyima kitu kikubwa sana. Hiki cheo ndo mahali unajifunza kutoa macho kwako mwenyewe na kuyaweka kwa mtu mwingine. Ukiwa daivu masta unaongoza watu ambao tayari wanajua kuzamia, lakini hapa mbele yako kuna mtu ambaye hajawahi kupumua chini ya maji maishani mwake na anakuamini wewe. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Nitatumia zaidi mfumo wa PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, kwa sababu ndo wengi wanapitia, ila mashirika mengine kama SSI na NAUI nao wana ngazi ya instrakta msaidizi, na viwango vya kimataifa vya ISO 24802 vinagawa ualimu wa skuba ngazi mbili, ya kwanza na ya pili, kwa hiyo wazo ni lile lile: kuna mwalimu anayefanya kazi chini ya mwalimu mwenzake, na kuna mwalimu kamili.

Unaruhusiwa kufanya nini

Tuanze hapa manake watu wanachanganya. Instrakta msaidizi kwa PADI anaweza kumsaidia instrakta kwenye kozi zote, anaweza kufundisha vipindi vya nadharia chini ya maelekezo ya instrakta, anaweza kufundisha skili kwenye pulu (bwawa la kuogelea) instrakta akiwa anasimamia, na kuna vitu anaweza kuendesha mwenyewe kama majaribio ya kwanza ya kuzamia kwenye pulu au maji tulivu (ile Discover Scuba Diving), kuwarudisha wazamiaji waliokaa muda mrefu bila kuingia majini, na kozi ya kuboresha kuelea ile Peak Performance Buoyancy. Huwezi kumpitisha mwanafunzi wa Open Water (kozi ya kwanza ya mzamiaji) mwenyewe, na zoezi la kupanda juu kwa dharura huku ukitoa hewa mdomoni kwenye maji wazi ni la instrakta mwenyewe, usiliguse hata kama amekuomba "nisaidie na hawa wawili". Kama amekuomba hivyo mwambie hapana kwa upole, ni kosa lake si lako.

Hatua ya kwanza, hakikisha una vigezo

Miaka 18. Kadi ya daivu masta, au ya ngazi ya uongozi inayolingana nayo kutoka shirika lingine. Uwe umethibitishwa kama mzamiaji kwa angalau miezi 6. Dive 60 zilizoandikwa kwenye logibuku. Mafunzo ya huduma ya kwanza na CPR ya ndani ya miezi 24. Na fomu ya afya iliyosainiwa na daktari ndani ya miezi 12.

Hiyo 60 ni namba ya chini kabisa, na nataka nikae hapa kidogo. Dive 60 zote kwenye maji ya joto yenye mwanga na mkondo mdogo si sawa na dive 60 zilizochanganyika. Kabla hujajiandikisha tafuta dive za usiku, za mkondo, za maji ya ukungu ambapo unaona mita tatu tu, za kina cha karibu mita 30, ingia kutoka ufukweni na ingia kutoka kwenye boti, vaa suti nene na suti nyembamba ili ujue uzito wako unavyobadilika. Mwanafunzi wako ataleta matatizo ambayo hujawahi kuyaona kama ulizamia sehemu moja tu. Alafu ukiwa na nia ya kufika instrakta kamili baadaye utahitaji dive 100 kabla ya kuingia mtihani, basi hizo nyingine zianze mapema.

Kuhusu fomu ya daktari: usisaini "hapana" kila mahali ili mambo yaende haraka. Pumu, moyo, upasuaji wa kifua, masikio, sukari, yote yaseme. Kesho utakuwa unamwambia mwanafunzi ajaze fomu yake kwa ukweli, utamwambiaje kama yako ulidanganya.

Hatua ya pili, mwili

Kwenye daivu masta ulishafanya mazoezi ya stamina: kuogelea mita 400 bila msaada wowote, kuelea mahali pamoja dakika 15, kuogelea mita 800 na maski, snokeli na mapezi uso ukiwa majini, na kumvuta mtu aliyechoka mita 100. Kila zoezi linapewa alama 1 mpaka 5, na kwa zile 400 ukitaka 5 lazima uwe chini ya dakika 6 na sekunde 30. Wengi wanafanya ile siku ya mtihani tu na baada ya hapo hawagusi tena maji bila mapezi mwaka mzima.

Rudi kwenye hayo mazoezi mara mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja na nusu hivi. Sababu si alama. Siku ya kozi unaweza kuwa majini masaa matano, unabeba mitungi, unapiga magoti chini ya pulu, unapanda unashuka, na mtu aliyechoka anaacha kuangalia. Mwalimu aliyechoka ndo hatari namba moja kwenye pulu.

Hatua ya tatu, nadharia mpaka uweze kumweleza mtu mwingine

Masomo ni matano: fizikia, fiziolojia, vifaa, ujuzi na mazingira, na nadharia ya kuondoa naitrojeni mwilini pamoja na jedwali. Pasi ni asilimia 75 kwa kila moja. Lakini kupasi na kuelewa ni vitu viwili, na kipimo changu ni hiki, je unaweza kumweleza mtu ambaye hajasoma fizikia kwa dakika mbili akaelewa?

Mfano mmoja unaosumbua watu sana. Kitu cha kilo 100 kimelala mita 20 kwenye bahari na kinasukuma maji lita 80, utaweka hewa lita ngapi kwenye mfuko wa kukinyanyulia ili kisipande wala kisizame? Lita moja ya maji ya chumvi ina kilo 1.03. Lita 80 mara 1.03 ni kilo 82.4, hizo maji yenyewe yanabeba. Zinabaki kilo 17.6. Gawa kwa 1.03 unapata kama lita 17.1. Basi, imeisha, ile mita 20 haikuhusika popote, na hapo ndo watu wanaanguka manake wanaona kina wanafikiri lazima wakitumie. Kina kinahusika pale tu swali likiuliza ni hewa kiasi gani kutoka juu ya maji: mita 20 shinikizo ni bar 3, kwa hiyo 17.1 mara 3, kama lita 51.

Mwingine wa hewa: mtungi wa lita 12 umejaa bar 200, ni lita 2400. Mtu anatumia lita 20 kwa dakika akiwa juu, kwa mita 20 anatumia 60. Toa bar 50 za akiba, zinabaki lita 1800, gawa 60, dakika 30. Fanya hesabu hii na namba zako wewe mwenyewe za kweli, angalia geji mwanzo na mwisho wa dive kwa wiki nzima, utaielewa hutaisahau.

Kwenye fiziolojia kitu kimoja kibebe kila siku: hewa iliyoko kwenye mapafu kwa mita 10 inakuwa mara mbili ukifika juu. Mabadiliko makubwa kabisa yako karibu na uso wa maji, na mtu aliyejaza mapafu akashikilia pumzi anaweza kuumia hata akipanda mita moja na kitu. Yaani pulu lenye kina cha mita mbili linatosha kumuumiza mwanafunzi. Nasema hivi kwa sababu kuna tabia ya kuona pulu ni sehemu ya kucheza na hatari inaanza baharini, sivyo.

Hatua ya nne, skili 24 kwa mikono ya polepole

Zile skili 24 za msingi ulishazifanya: kufunga vifaa, ukaguzi wa kabla ya dive, kushuka kwa hatua tano, kutafuta regyuleta (kile kifaa cha kupumulia cha mdomoni) na kuisafisha, kutoa na kurudisha maski, kugawana hewa, kuelea katikati, kutoa mkanda wa uzito na kuurudisha, na kadhalika. Kwenye daivu masta ulizifanya kuonyesha unaweza. Sasa unazifanya ili mtu aliyepiga magoti mbele yako, mwenye moyo unaodunda, aone kila kipande na aweze kukirudia.

Hapa ndo naomba uwekeze muda mwingi kuliko sehemu nyingine zote. Chukua skili moja, mfano kusafisha maski iliyojaa maji. Igawe vipande: inua kidole kuonyesha "niangalie", ingiza maji polepole mpaka juu ya macho, pumua mara mbili kupitia regyuleta ili waone kwamba unapumua sawa na maji usoni, weka vidole juu ya fremu, onyesha kwa kidole kwamba hewa itatoka puani, angalia juu kidogo, toa hewa puani, maji yametoka, ishara ya OK. Kila kipande kikae kama sekunde mbili peke yake. Ukiunganisha vyote kwa mwendo mmoja mzuri kama mzamiaji mzoefu utapendeza sana lakini mwanafunzi hataona kitu.

Rekodi video. Mpe badi kamera, fanya skili tatu, mkae muangalie, utashangaa mikono yako inaenda haraka kiasi gani wakati wewe ulijiona uko polepole. Mimi nilirudia ile ya kutoa na kurudisha maski mara nyingi sana kabla haijatulia, na kilichonisaidia ni kuhesabu kichwani moja-mbili kati ya kila kipande.

Na mapovu! Kila mara regyuleta ikiwa nje ya mdomo lazima mapovu madogo yatoke mdomoni, kila mara bila kukosa, hata kama ni sekunde mbili. Mwanafunzi anaiga kila unachofanya pamoja na makosa, ukishikilia pumzi mara moja tu mbele yake umemfundisha kushikilia pumzi.

Kama kituo chako kinafundisha watu wakielea badala ya kupiga magoti, na naamini hivyo ni bora, basi fanya skili zote 24 ukiwa unaelea katikati bila kupanda wala kushuka. Ni ngumu zaidi mwanzoni, hasa ile ya mkanda wa uzito, lakini mwanafunzi anayejifunza akiwa anaelea hata akifika baharini hatalala juu ya matumbawe.

Hatua ya tano, kuongea mbele ya watu

Kipindi cha nadharia kina mifupa yake: anza na kitu kinachovuta watu, sema watajifunza nini, sema kitawafaa vipi, pitia vichwa vya mada, fundisha, alafu rudia kwa kifupi. Brifingi ya skili nayo ina yake: skili ni nini, lengo la kupimwa ni lipi, kwa nini tunaifanya, vipande vyake muhimu, ishara utakazotumia, na mpangilio, yaani nani anaanza, wengine wanakaa wapi na wanafanya nini wakisubiri.

Sehemu ya "kwa nini" ndo inayopigwa chini zaidi na ndo yenye nguvu. Usiseme "tunasafisha maski kwa sababu iko kwenye kozi". Sema "siku moja mwenzako atakupiga na pezi kwa bahati mbaya maski ijae maji, na wewe utaitoa maji ukiwa umetulia uendelee kuangalia samaki". Mtu akiisikia hiyo anaelewa na woga unapungua.

Ongea kwa lugha ya mwanafunzi. Kama mtu hajui neno la kigeni, usimwachie, mwonyeshe kitu chenyewe kwa mkono. Brifingi ya dakika tatu inatosha, ikifika kumi watu wanapata baridi na wamesahau ulichosema mwanzo.

Hatua ya sita, macho

Kwenye kozi wenzako wataigiza wanafunzi na kila mmoja ataambiwa kwa siri afanye kosa fulani, mmoja ataacha kutoa mapovu, mwingine ataangalia chini akisafisha maski, mwingine atatoa ishara isiyo sahihi, na wewe lazima uone, usimamishe, urekebishe, arudie. Ukikosa kuona kosa alama inashuka hata kama maonyesho yako yalikuwa ya kuvutia.

Namna ya kujizoesha: kaa karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, upande wake kidogo si mbele kabisa, mkono mmoja tayari karibu na regyuleta yake au valvu ya BCD, lile jaketi linalojazwa hewa. Angalia macho yake kwanza kabla ya mikono. Mtu anayekaribia kuogopa macho yanapanuka ndani ya maski, pumzi zinakuwa fupi fupi, mapovu yanatoka bila mpangilio, mikono inaanza kwenda kwenye maski au inasukuma chini kama anataka kupanda. Ukiona hayo usisubiri skili iishe. Shika mkono wake, mwangalie machoni, onyesha ishara ya kupumua polepole, pumua naye.

Niliwahi kumsaidia instrakta pulu, mama mmoja wa umri wa makamo alikuwa akifanya vizuri kila kitu, alafu kwenye maski akavuta maji puani kidogo akasimama kuelekea juu. Kilichomwokoa na kushikilia pumzi ni kwamba mkono wangu ulikuwa tayari begani kwake, tukapanda pamoja pole pole akiwa bado na regyuleta mdomoni. Juu hatukuongea habari ya kosa, tukakaa maji ya kifuani, akaweka uso majini bila maski akipumua kwa regyuleta, dakika tano, kumi, mpaka akacheka. Baada ya nusu saa alifanya ile skili mwenyewe bila kuambiwa. Hakuna kitabu kilichonifundisha zaidi ya ile nusu saa.

Hatua ya saba, kozi yenyewe

Kwa PADI kozi ya instrakta msaidizi ni sehemu ya kwanza ya kozi ya kuandaa instrakta, ile IDC, na mara nyingi anayeifundisha ni kozi dairekta, mwalimu anayeandaa mainstrakta. Kabla hujalipa nenda kaangalie akifundisha. Uliza darasa litakuwa na watu wangapi, uliza utapata vipindi vingapi vya kufundisha na maoni ya mtu mmoja mmoja, uliza kama baada ya kozi kuna nafasi ya kufanya kazi na wanafunzi wa kweli. Anayekwambia "usijali wote wanapasi" muulize vizuri zaidi.

Beba vifaa vyako mwenyewe unavyovizoea, kompyuta ya kuzamia, slate ya kuandikia chini ya maji, na manyuali ya instrakta ambayo ujizoeshe kufungua haraka na kupata kanuni, manake utaulizwa uwiano wa wanafunzi kwa instrakta, mfano 8 kwa 1 kwenye maji wazi ya Open Water, na jibu lazima litoke kwenye manyuali si kwenye mazoea ya kituo chenu.

Usiku kabla ya kufundisha lala. Wengi wanakesha wakipamba slaidi.

Hatua ya nane, ukishapata kadi

Sajili uanachama wako wa mwaka husika na uangalie bima ya dhima, sehemu nyingi inatakiwa kabla hujagusa mwanafunzi. Alafu kaa miezi kadhaa kama msaidizi kabla ya kuendelea. Chagua instrakta wawili au watatu tofauti kabisa kwa tabia, mmoja mpole, mmoja mkali wa kanuni, mmoja anayejua kuongea na watoto, fanya kazi na kila mmoja na uandike daftari: leo mwanafunzi alikwama wapi, instrakta alifanya nini, ningefanya nini. Omba kuongoza skili moja kwa siku, kesho mbili, na omba akukosoe baada ya kila kipindi wakati bado mmelowa, si baada ya wiki.

Ukifika mahali unaona kosa la mwanafunzi kabla halijatokea, yaani unaona bega limekaza ukajua sasa hivi atavuta maski, hapo jiandikishe sehemu ya pili ya IDC, chukua kozi ya instrakta wa huduma ya kwanza, kamilisha dive zako 100 na uende kwenye mtihani ukiwa na lile daftari kwenye begi.